Soli ya Mguu wa Kushoto

Bweni la Wanaume,
Chumba cha 14,
Jumapili.

Kwa dada yangu mkubwa, fundi wa viatu, na komredi wa kwanza niliyepata kumjua kabla sijalisoma neno hilo popote:

Nakusalimu kwa salamu ya wapambanaji, kisha nakusalimu kwa salamu ya nyumbani, shikamoo. Ya kwanza nimezoea kuitoa jukwaani mbele ya mamia ya watu. Ya pili naitoa nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa chini, kama ulivyonizoesha. Mama yu hali gani? Kifua chake kimetulia, au bado anakohoa kila nyumba inaponyamaza? Na mkono wako wa kulia, ule unaokufa ganzi ukishinda unavuta uzi, unauonaje siku hizi? Mimi mwili wangu hauna neno. Unakula, unalala, unapanda ngazi. Yaliyobaki si ya kuandikwa kwenye mistari ya salamu, na ndiyo maana nimechukua karatasi nyingi.

Jirani yetu muuza vitambaa alipita hapa chuoni Alhamisi kumwona bintiye, akanieleza kwamba karakana imefungwa. Hakusema imefungwa kwa mapumziko. Alisema umezigeuza kalibu za baba, zile za kuundia viatu, zikatazama ukuta, umegawa gundi na ngozi kwa mafundi wa mtaa wa nyuma, na kwamba mteja akija na kiatu mkononi unamjibu kupitia dirishani atafute fundi ambaye kiatu chake hakijaua mtu. Alisema nyundo ya baba imepata mnunuzi, naye ataifuata mwisho wa mwezi. Nilimsindikiza hadi langoni, nikarudi chumbani, na tangu siku hiyo nimeianza barua hii mara nne. Hii ni ya tano. Nakuomba usiiuze nyundo kabla hujafika ukurasa wa mwisho. Ukifika huko ukitaka kuiuza, iuze. Ukitaka kunipiga nayo, utajua panapostahili.

Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue bado.

Matembezi yale hukuwahi kusimuliwa. Ulipokea maiti, ukapokea mfuko wa nguo zilizolowa, ukapokea neno moja kutoka kinywani mwangu, basi. Kwa hiyo niruhusu nianze pale yalipoanzia, nayo yalianzia kwenye mvua.

Unaukumbuka mgomo wa mwezi wa tatu, ule niliokuandikia kwamba utatikisa nguzo za utawala. Haukutikisa hata dirisha. Tulikuwa mia tatu uwanjani, ngumi juu, nami nimesimama juu ya meza ya kantini nimefika pale hotuba inapoanza kuwaka, mara wingu likapasuka. Hazikupita dakika tano wapambanaji mia tatu walikuwa wamejibanza chini ya paa la maktaba kama kuku, na mimi nimebaki mezani nikiyahutubia maji. Mlinzi wa lango alinijia na mwavuli, akaniuliza kwa upole kama nahitaji kusaidiwa kushuka.

Sikulisahau swali lake. Katika kikao cha tathmini nilisema kwamba harakati inayotawanywa na manyunyu haina haki ya kulitaja neno ukombozi. Nikapendekeza tuingie kwenye msitu mkubwa, siku tatu kwa miguu, katikati ya msimu wa mvua, ili kila atakayetokea upande wa pili awe ameuacha woga wake kule kwa ruba. Waliopiga makofi walikuwa wengi. Waliojiandikisha walikuwa kumi na mmoja pamoja nami, na wa mwisho kuandika jina lake alikuwa mdogo wetu.

Unamjua, lakini hukumjua alivyokuwa huku. Mwaka wake wa kwanza wa hisabati, na tayari alikuwa amenifuata kwenye Harakati kama alivyonifuata kila mahali tangu utotoni, hatua moja ndefu na moja fupi. Wenzetu walimpa jina la Mizani, kwa sababu akitembea alipanda upande mmoja na kushuka upande wa pili kama sahani mbili zinazotafuta kulingana. Kila asubuhi walimuuliza Mizani leo ameelemea wapi. Naye aliwajibu kwamba katika chuo kizima yeye ndiye pekee wa mrengo wa kushoto kwa kuzaliwa, wao wengine wamesomea. Watu walicheka mpaka kushika mbavu. Nilicheka nao, na kila nilipocheka nilihisi kitu kikinichoma, maana mzaha mzuri hunyang'anya watu jukwaa, na jukwaa lilikuwa langu.

Wewe ulipopata habari hukumkataza. Ulifanya lile unalolifanya badala ya kukataza: ulimkalisha kwenye kigoda, ukamvua soksi, ukapima. Wiki mbili ulishona. Ngozi nene, nyuzi za nailoni zilizopakwa nta, na chini ya kiatu cha kushoto ile nyongeza ya vidole viwili, tabaka tatu za mpira wa tairi la lori, ulizozishona kwanza ndipo ukazipigilia misumari, kwa sababu ulisema gundi ni ahadi na mshono ni kitendo. Maneno hayo niliyaiba. Nimeyatumia katika hotuba mbili na sikukutaja. Kisha ukanipigia simu ukaniambia neno moja tu: mwangalie. Nikakujibu kwa utu uzima kwamba katika Harakati hakuna mdogo wa mtu. Ukasema sawa, Mwenyekiti, ukakata.

Mwongozaji wetu alikuwa mlinzi wa msitu, mama wa makamo mwenye mabuti ya mpira ya kijani, filimbi shingoni na panga kiunoni. Alituita wasomi, na kwa jinsi alivyolitamka neno lenyewe lilitosha kumvua mtu nguo. Pale kwenye kibanda chao, kabla hatujaingia mitini, alitupa sheria mbili. Ya kwanza, mwenye mguu mzito ndiye anayetangulia na wengine wanafuata mwendo wake, kwa sababu msitu hula mkia. Ya pili, siku ya tatu tutakuta mto, nao huvukwa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu mvua ya vilimani hunyesha adhuhuri na maji yakishuka hayabishi hodi. Mdogo wetu akainua mkono, akasema ikiwa ni hivyo basi yeye ndiye kamanda, na kila mtu ajipange nyuma yake. Yule mama alicheka kwa mara ya kwanza.

Nikaitisha kikao. Hivyo ndivyo tulivyo: kwetu hakuna kinachosogea bila mikono kuinuliwa. Tuliipigia kura sheria ya mwendo, tukaipigia kura sheria ya mto, na yule mama akiwa amesimama pembeni akitutazama kama mtu anayetazama mbuzi wakigawana vyeo. Sheria ya mto tuliipokea kama ushauri. Sheria ya mwendo tuliitupa. Nilieleza kwamba hatua ya umma haiwezi kupimwa kwa mguu ulio dhaifu kuliko yote. Mwenyekiti atatangulia na bendera, na kanuni yetu ya siku zote itabaki palepale: hatungojani. Unaijua kanuni hiyo, nimejisifu nayo kwako mara nyingi. Saa ikifika mlango wa kikao unafungwa, na aliyechelewa, awe nani, anasikiliza kupitia tundu la kitasa.

Kisha Katibu wetu akaviona viatu. Huyu ni binti wa sheria, anayeweza kugeuza kikohozi kuwa azimio. Alitembeza macho chini akakuta wawili wetu wana mabuti ya kupandia milima, wengi wana raba, wawili wana ndara za plastiki, na mmoja, mdogo wetu, ana viatu bora kuliko vyote. Akasema jeshi lenye matabaka ya viatu litakuwa na matabaka ya kila kitu. Tukaazimia kwamba kila asubuhi viatu vyote vitapangwa juu ya turubai, vitapewa namba, na kila mmoja atavaa atakavyookota kwa kura. Kwa siku tatu hakutakuwa na viatu vya mtu, kutakuwa na viatu vyetu. Hakuna aliyeuliza habari ya ukubwa wa miguu. Dada, hilo ni kosa ambalo mchuuzi wa mitumba asingelifanya, wala mtoto wa chekechea. Lilihitaji watu wa chuo kikuu.

Mdogo wetu aliomba kusema. Alisimama na kiatu chake cha kushoto mkononi, akaeleza kama anayefundisha darasa kwamba ukiviongezea kiasi kilekile vitu viwili visivyo sawa, tofauti yake haiondoki, na kwamba usawa wa viatu si usawa wa miguu. Akasema haombi upendeleo, anaomba sentimita tatu na nusu. Kura zikapigwa. Mikono mitano iliinuka kumtetea, mitano ikainuka kumpinga, na macho yote yakanigeukia mimi mwenye kura ya mwisho.

Niliikumbuka simu yako. Nikakumbuka pia minong'ono kwamba Mwenyekiti anabeba damu yake. Nikasema kila upendeleo ulioiangamiza dunia ulianza na sentimita chache. Nikasema sheria inayomjua mama yako si sheria. Walinishangilia. Nikainua mkono dhidi ya mdogo wangu, na tangu nizaliwe sikuwahi kujiona mrefu kama dakika ile. Yeye alinitazama, akacheka kidogo, akainama akafungua kamba.

Sitakuchosha na msitu. Ni mahali ambapo mvua ikikatika angani huendelea kunyesha kutoka kwenye majani, na hujui saa wala upande. Tope linashika mguu na kuuachia kwa shingo upande. Ruba walipenya hadi kwenye matundu ya kamba za viatu; tulikuwa tukisimama tunajikagua kama polisi. Siku ya kwanza mdogo wetu aliokota raba za kitambaa zilizompungua namba mbili, na kijana mmoja wa udaktari tunayemwita Daktari Nusu, pande la mtu, akaokota ndara, akashinda visigino vyake viko nje kama wageni waliokosa kiti. Viatu vyako vilimwangukia Katibu. Alijaza nyasi kiatu cha kulia ili ajilinganishe, akatembea huku akitukana kwa lugha ya kisheria. Mdogo wetu alifika kambini saa nzima baada yetu, akiwa na yule mama, ambaye alikuwa amemkatia fimbo. Mlango wa kikao haukuwapo, lakini kikao tulikwisha kukimaliza.

Siku ya pili viatu vyako viliniangukia mimi. Namba yetu ya mguu ni moja, unajua, kwa hiyo vilinikaa sawasawa hadi niliposimama. Mguu wa kushoto ukawa juu ya kiti, wa kulia shimoni. Kabla ya kilomita ya kwanza kiuno kilikuwa kinawaka moto, na bendera mkononi mwangu ilikuwa inapigapiga matawi ya upande mmoja. Wakaanza. Katibu akauliza nyuma yangu kama Mwenyekiti amebadili msimamo. Daktari Nusu akasema amechunguza, ni ugonjwa wa ukoo. Mwingine akasema sasa tuna mizani mbili, tunaweza kufungua soko. Walicheka njia nzima, na kila niliponyoosha mgongo kuonyesha kwamba sichechemei, nilichechemea zaidi.

Nilikaa kwenye mzizi kupumzika, na mkia ukanifikia. Mdogo wetu alikuwa na ndara siku ile, kisigino kimechubuka hadi nyama, na fimbo yake. Alisimama mbele yangu, akatazama viatu, akanitazama usoni. Hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini, Kaka, leo ndiyo umeijua njia yangu ya kwenda shule. Aliyasema hayo kwa upendo, na upendo ule ulinikata kuliko kejeli za wote. Yaliyotokea alasiri ya siku hiyo nitayarudia. Niruhusu kwanza nikufikishe mtoni.

Tulifika mtoni siku ya tatu saa nne asubuhi. Daraja lilikuwa gogo moja kubwa lililolala toka ng'ambo hadi ng'ambo, na kamba iliyofungwa kwenye miti ya pande mbili kwa ajili ya kushika. Maji yalikuwa hatua mbili chini ya gogo, mekundu lakini matulivu. Yule mama alimshika mdogo wetu begani akamsogeza mbele, akasema huyu kwanza, sasa hivi, na nyinyi fuateni. Katibu akasema mpangilio wa kuvuka haujajadiliwa. Nami, dada, nikakubaliana na Katibu. Tulikaa ukingoni saa mbili na robo. Tulijadili kama bendera itangulie au ifuate. Tulijadili kama kuvuka kwa kufuata udhaifu ni huruma au ni dharau. Tuliandika kumbukumbu za kikao chini ya mwavuli. Yule mama alikuja mara tatu kutuonyesha maji, na mara ya tatu alinyoosha kidole tu: yalikuwa yanalamba tumbo la gogo.

Nilivuka wa kwanza na bendera, wengine wakafuata mmoja mmoja. Wa mwisho katika orodha alikuwa Mizani, na nyuma yake mwongozaji. Sikumtazama akipanda kwenye gogo. Nilikuwa nimekwisha kuanza kutembea, kwa sababu hatungojani. Filimbi ililia nyuma yetu, ndefu, ikakatika, ikalia tena. Katibu akauliza ni nini. Nikasema yule mama anataka tumsubiri. Nikaanzisha wimbo. Tulitembea robo saa huku tukiimba, mpaka Daktari Nusu alipohesabu vichwa akapata kumi.

Yule mama mlinzi ndiye aliyenieleza. Mdogo wetu alifika katikati ya gogo, akayumba upande wa kushoto, kamba ikamtoka. Hakupiga kelele. Mama yule alijirusha majini hadi kifuani, akamshika shati, shati likabaki mkononi mwake. Walinzi wenzake walimpata kesho yake, kilomita mbili chini, amekwama kwenye mizizi, viatu miguuni.

Siku niliyomleta nyumbani ulipitia mfuko wake peke yako kule karakana. Nilikukuta umekishika kiatu cha kushoto, umekipindua. Ukaniuliza swali la neno moja: imebanduka? Nikakujibu kwa neno moja: imebanduka. Nikaona uso wako unavyozimika. Jicho la fundi lingeona kitu kingine pale chini ya kiatu, lakini mawe ya mto yalikuwa yamekikwangua siku nzima, na machozi ni kioo kibaya. Ukaona kile ulichokiogopa. Ukakifungia kwenye kasha. Nami nilisimama mlangoni nikikuangalia unajihukumu, na nilinyamaza. Niliyekuwa sinyamazi mbele ya wakuu wa chuo, mbele ya polisi, mbele ya mvua, siku ile nilinyamaza.

Sasa rudi nami kwenye ile alasiri ya siku ya pili.

Tulifika kambini mvua ikiwa kubwa, tukatundika turubai. Yule mama alituachia panga lake tukate vigingi, akarudi nyuma kumfuata mdogo wetu. Kwa kuwa hatungojani, kikao cha jioni kilianza bila wao. Kelele za njiani hazikuwa zimekoma. Mtu mmoja alikuwa anaigiza mwendo wangu kuzunguka moto, na wenzake wanamhesabia hatua, moja juu, moja chini. Nikavua viatu. Nikakiweka cha kushoto juu ya gogo la kuni, nikalishika panga. Nikatoa hotuba, nadhani ndiyo bora niliyowahi kuitoa. Nikasema tazameni, hili ni jukwaa dogo alilojengewa mtu mmoja ili asimame juu kidogo kuliko wengine. Nikasema hatukuja msituni kuchechemea kwa zamu, tumekuja kusawazisha. Nikapiga.

Mpira wako ulikataa. Pigo la kwanza liliteleza. La pili lilirudi juu likanitikisa bega. Wenzangu wakaanza kuhesabu kwa sauti, wakipiga makofi kila panga liliposhuka, na ilinichukua mapigo tisa, dada, tisa, kuiondoa kazi ya wiki mbili. Nyongeza ilipodondoka niliiokota, nikaionyesha, nikaitupa kichakani. Walinishangilia kwa muda mrefu. Hakuna aliyesema tena kwamba nimepinda.

Mdogo wetu alifika baadaye akala akalala. Asubuhi, kwenye turubai, kura ilimrudishia viatu vyake mwenyewe. Ulipaswa kumwona. Alicheka kama mtu aliyekutana ugenini na mtu wa kwao. Akakipindua kile cha kushoto kukikung'uta tope. Akakitazama. Akaniuliza mimi, hakumuuliza mwingine, ni fundi gani huyu amepita hapa. Nikainama kufunga kamba zangu. Akasema, Dada asikione hiki, ataumia. Yeye mwenyewe hakusema ameumia. Alikunja soksi mbili akaziweka ndani chini ya kisigino, akafunga kamba kwa nguvu. Yule mama alivua mabuti yake ya kijani ampe. Katibu akamkumbusha kwamba azimio haliruhusu kiatu kilicho nje ya turubai. Nami sikumpinga Katibu. Mguu ule uliouzoesha kukuta ardhi mahali fulani, saa sita ikiwa imekwisha kupita, katikati ya gogo, uliitafuta ardhi hapo ukaikosa.

Kuna jambo moja zaidi. Pale ng'ambo ya mto, kabla walinzi hawajafika, tuliitisha kikao. Ajenda ilikuwa taarifa tutakayoitoa. Katibu aliandika kwamba soli ya kiatu ilibanduka kutokana na udhaifu wa utengenezaji, na kwamba mwongozaji alituchelewesha mtoni. Tukapiga kura. Mikono kumi ilinyooka, na wangu ulikuwa wa kwanza. Tangu Harakati yetu ianzishwe, hilo ndilo azimio pekee lililowahi kupita kwa kauli moja. Mwongozaji amesimamishwa kazi kwa taarifa hiyo. Wewe umefunga karakana kwa taarifa hiyo.

Jumanne iliyopita yule mama alinikuta kantini, kwenye meza ileile niliyoipanda siku ya mgomo. Hakukubali kukaa. Aliweka kitu mezani kimefungwa gazeti, akasema alikiona kichakani siku aliporudi kulichukua turubai letu tulilolisahau kambini, na kwamba panga lake analijua linavyokata. Akaniuliza ni nani aliyevishona viatu vile. Nikamwambia ni dada yetu. Akasema, basi mpelekee mwenyewe, msomi, kabla sijampelekea mimi. Kwa hiyo usidhani nimekuandikia kwa ushujaa. Nilisukumwa.

Sasa kifungue kifurushi. Kisha fungua kasha, ukitoe kiatu, uvikutanishe. Utaona vinavyolingana, na utaona ukingo uliokatwa mshazari, wenye ngazi tisa. Tazama kwenye kipande: misumari yako yote bado imesimama. Tazama nyuzi. Nimeihesabu mishono iliyobaki upande huu, ni kumi na tisa, na hakuna hata mmoja ulioachia. Panga lilipita ndani ya mpira kwa sababu halikuweza kupita penye mshono. Kiatu chako hakikumuua mtu. Kiatu chako kilimtetea mapigo tisa, na katika msitu mzima hakukuwa na kingine kilichofanya hivyo.

Sikuombi msamaha. Msamaha ni wa aliyepotea njia; mimi niliichonga. Ninachokuomba ni kwamba mnunuzi wa nyundo akija umrudishe mikono mitupu, na kalibu za baba uzigeuze zitazame mlango. Mfikishie mama salamu zangu. Kama utamsomea barua hii au hutamsomea, hilo ni la kwako. Mimi nimekwisha kuamua mengi mno juu ya watu wa nyumba hiyo. Wasalimie majirani, na muuza vitambaa umwambie ujumbe wake ulifika. Umkande mama kifua kwa maji ya moto, nawe mkono wako uupumzishe leo tu, kesho una kazi.

Ni mimi, mdogo wako uliyebakiwa naye,
Mwenyekiti, hadi Jumamosi.

Tangazo. Harakati imebandika picha ya mdogo wetu kila ukuta wa chuo na kuandaa mkutano wa kumtukuza. Nami nimeibadili ajenda bila kura ya mtu. Imebaki moja, nayo ni hii uliyoisoma. Nitaisoma yote jukwaani, majina ya utani na yote, na yule mama mlinzi atakaa mbele. Njoo na kiatu, njoo na kipande chake. Ni Jumamosi, ukumbi mkubwa, saa tisa kamili alasiri. Kanuni yetu ni kufunga mlango saa ikifika. Wewe tutakungoja.